Fizikia au Hisabati: Ukikosea, Nani Akwambie?

Kila mwaka majira haya fomu ya masomo ya hiari hutufikia, na kila mwaka swali huwa lile lile katika vikao vya klabu yetu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana krediti 120 za kujaza. Nyingi zimeshapangwa na idara yake. Inabaki nafasi moja, na mbele ya nafasi hiyo kuna masomo mawili yanayoruhusiwa: moja la fizikia, moja la hisabati. Achukue lipi?

Safari hii swali limetuangukia sisi wenyewe tunaoandika makala hii. Tuko wawili, sote wakazi wa Ladywood, na sote hupanda treni pale Five Ways kwenda chuoni, mwendo wa kituo kimoja tu. Mmoja wetu anasomea uhandisi wa mitambo, mwingine sayansi ya kompyuta. Uchaguzi huu una uzito. Alama za mwaka wa pili zinahesabiwa katika shahada, na somo unaloliacha sasa linaweza kukufungia mlango wa somo jingine mwaka wa tatu. Ada nayo ni ya mkopo, na mkopo hauulizi kama somo lilikufaa.

Ushauri haukosekani

Ukitaja jambo hili nyumbani, utapata washauri kabla chai haijamiminwa. Shangazi atasema chukua hisabati, ina kazi benki na kwenye bima. Mjomba atasema fizikia ndiyo sayansi yenyewe. Rafiki atakunong'oneza jina la mhadhiri anayetoa alama vizuri. Rafiki mwingine atasema twende wote, tusaidiane.

Hakuna la kipuuzi hapo. Kazi na kodi ya nyumba ni mambo ya kweli, hasa katika familia ambayo mtoto ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Lakini ushauri huo wote unahusu yaliyo nje ya somo. Haugusi zile wiki utakazokaa na daftari usiku, jibu limekataa, na kesho kuna kazi ya kukabidhi.

Swali lililotusaidia tulilipata kwa mama wa mmoja wetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye ni fundi cherehani. Alipoonyeshwa fomu hakuuliza lipi ni rahisi.

“Sasa mwanangu, ukikosea, nani anakwambia umekosea?”

“Mwalimu, mama.”

“Na mwalimu naye anajuaje?”

Kisha akatueleza kwa kazi yake. Unaweza kumpima mteja vizuri, ukajumlisha vizuri, ukakata sawasawa na vipimo, na bado gauni likambana kwa sababu kitambaa kilirudi baada ya kufuliwa. Hapo hesabu haina kosa, kitambaa ndicho kilichokataa. Inawezekana pia gauni likamkaa mteja vizuri kwa bahati tu, kumbe ulijumlisha vibaya. Ukitumia hesabu ile ile kwa mteja wa pili, utaaibika. “Kuna kosa la daftari na kuna kosa la kitambaa,” alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Tumelitafakari neno hilo tangu siku ile, na tunadhani limebeba tofauti nzima ya masomo haya mawili. Katika hisabati, jibu sahihi lisilo na uthibitisho halikupi alama nyingi, kwa sababu daftari ndilo hakimu. Katika fizikia, mlolongo mzuri wa hesabu unaweza kuangushwa na kipimajoto cha bei ndogo, kwa sababu hakimu ni dunia yenyewe.

Kikombe kimoja, madarasa mawili

Chukua kikombe cha chai ya maziwa yenye nyuzi joto 90, ukiweke mezani katika chumba chenye nyuzi 20. Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kwamba kadiri kitu kinavyolizidi joto la chumba, ndivyo kinavyopoa kwa haraka. Tuseme baada ya dakika 10 chai imefika nyuzi 55. Tofauti yake na chumba ilikuwa 70, sasa ni 35, yaani nusu. Baada ya dakika 10 nyingine tofauti inakuwa nusu tena, na chai ina nyuzi 37.5. Dakika 10 zaidi, nyuzi 28.75, na hapo mtu yeyote wa pwani atakwambia hiyo si chai tena.

Peleka kikombe hicho kwenye darasa la hisabati. Utaulizwa: huo mlinganyo unaoeleza kasi ya kupoa, je, una jibu? Na jibu ni moja tu, au yapo mengi? Utathibitisha kwamba ukishajua joto la mwanzo, jibu ni moja. Kutokana na hilo unapata jambo la kupendeza. Weka vikombe viwili vya aina moja, kimoja kina nyuzi 90, kingine 50. Kile cha 90 lazima kwanza kipite kwenye 50, na kutoka hapo kitafuata njia ile ile iliyofuatwa na mwenzake, ila kwa kuchelewa. Kwa hiyo cha moto hakiwezi kamwe kukitangulia cha vuguvugu. Mistari yao kwenye grafu haikutani. Umelithibitisha hilo bila kuwasha jiko.

Peleka kikombe kile kile kwenye darasa la fizikia. Utaulizwa: je, chai hii inaifuata kanuni hiyo? Ina kifuniko? Mvuke unaondoka na kiasi gani cha maji, na maji hayo yanaondoka na joto kiasi gani? Kipimajoto chako kinaaminika? Hapo jiko litawashwa, na mara nyingi.

Kijana wa Magamba

Mfano huu wa kupoa una historia katika nchi zetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friji. Siku moja, akihofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baadaye alikuta yameganda, wakati ya mwenzake aliyeweka maziwa yasiyochemshwa yalikuwa bado ni uji.

Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Huko swali lake likageuka kichekesho cha darasa: kila akikosea, kosa liliitwa fizikia ya Mpemba au hisabati ya Mpemba. Hakuacha. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kikuu kishiriki, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Osborne alikwenda kulijaribu jambo hilo katika maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia.

Tazama sasa ule uthibitisho wetu wa vikombe viwili. Bila shaka waalimu wale waliomcheka Mpemba walikuwa na kitu kama hicho kichwani, na daftari lao halikuwa na kosa. Kama joto peke yake ndilo linaloamua, maji ya moto hayawezi kuyatangulia ya baridi. Kwa hiyo, kama Mpemba aliona sawasawa, basi joto peke yake halitoshi kuielezea hali ya maji. Labda mvuke umepunguza maji, labda maji yanazunguka ndani ya chombo, labda gesi iliyomo imetoka, labda chombo cha moto kimeyeyusha barafu iliyo chini yake kikashikana vizuri na friji. Uthibitisho haukumfunga mdomo Mpemba. Ulionyesha mahali pa kutafuta.

Na kesi haijafungwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa hapa Uingereza, walirudia vipimo vya maji na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Mwaka 2017 Lu na Raz walionyesha kwa hisabati jinsi jambo la aina hiyo linavyoweza kutokea katika mifumo isiyoelezeka kwa namba moja tu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, huko Kanada, walilionyesha kwa jaribio la chembe ndogo sana ndani ya maji. Daftari na kitambaa bado wanajibizana, zaidi ya miaka 50 tangu aiskrimu ya Lushoto. Mpemba mwenyewe aliishia kufanya kazi katika sekta ya wanyamapori, jambo la kukumbuka unapodhani fomu moja itaamua maisha yako yote.

Mji wetu na makosa yake makubwa

Wasomaji wanaodhani tunasifia nyumbani tu, waangalie mji huu tunamoishi.

Ukitoka Hagley Road kuelekea bwawa la Edgbaston Reservoir, utauona mnara mwembamba wa matofali uitwao Perrott's Folly, uliojengwa mwaka 1758. Kuanzia 1884 hadi 1979 ulitumika kama kituo cha kupima hali ya hewa. Utabiri wa hali ya hewa ni milinganyo mitupu, lakini kila asubuhi kuna kipimo kinachosema jana ulipatia au ulikosea. Wanafunzi wengi wa Ladywood hupita karibu na mnara huo bila kujua kwamba kwa karibu karne nzima ulikuwa kitambaa cha daftari la watabiri.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1937 Rudolf Peierls, mzaliwa wa Berlin aliyebaki Uingereza baada ya Hitler kushika madaraka, alianza kazi Chuo Kikuu cha Birmingham. Uprofesa wake ulikuwa wa hisabati tumizi, ingawa kazi yake ilikuwa fizikia. Otto Frisch, mzaliwa wa Vienna, alimkuta hapo mwaka 1939. Idara ya fizikia ilikuwa na utafiti wa siri wa rada, na wageni kama wao hawakuruhusiwa kuugusa. Wakaachiwa swali ambalo wengi walilidhania la mbali: inahitajika urani kiasi gani ili mlipuko wa kiini cha atomu uwezekane? Wengi walifikiri ni tani nyingi. Peierls alikuwa na mlinganyo. Frisch alikisia namba ya kuingizwa ndani yake kwa urani iliyosafishwa. Katika waraka wao wa Machi 1940 jibu lilikuwa chini ya kilo moja.

Mlinganyo ulikuwa sawa, ila namba iliyoingizwa ilikuwa ya makisio, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameipima vizuri. Kiasi cha kweli ni makumi ya kilo. Hilo ni kosa la kitambaa. Hata hivyo hoja kuu, kwamba ni kilo na si tani, ilisimama, na waraka ule ulisukuma kazi iliyofika Hiroshima mwaka 1945. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambako baadhi ya wanachama wetu wana babu na bibi. Kwa hiyo tusiseme kwamba haya ni mambo ya darasani tu.

Mfano wa tatu unageuza mambo. Mwaka 1966 Mermin na Wagner walikuwa wamethibitisha kwamba katika tabaka jembamba mno, lenye urefu na upana tu, sumaku ndogondogo za aina fulani haziwezi kukaa zimejipanga upande mmoja kwa umbali mrefu, hata ukipoza kiasi gani, maadamu hujafika kwenye sifuri kabisa. Watu wengi walihitimisha kwamba tabaka la namna hiyo haliwezi kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, kama maji yanavyoganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika idara ya fizikia ya hisabati hapa Birmingham, David Thouless na Michael Kosterlitz waliusoma uthibitisho ule kwa makini. Ulikuwa sahihi, lakini haukusema yote ambayo watu waliyasikia. Walionyesha kwamba badiliko la aina nyingine linawezekana, kupitia vizingia vidogo, mfano wa maji yanavyozunguka kwenye tundu la sinki. Katika baridi kali vizingia hutembea wawili wawili, na joto likipanda hutengana. Mwaka 1978 vipimo vya matabaka membamba ya heliamu huko Cornell, Marekani, viliwaunga mkono. Mwaka 2016 Thouless na Kosterlitz walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Duncan Haldane. Tuzo ni ya fizikia, lakini zana waliyotumia ni topolojia, tawi la hisabati ambalo mwanafunzi angeliona halina uhusiano wowote na friji.

Kwa nini tunatenganishwa basi?

Nyumbani uchaguzi huu hufanywa mapema kuliko hapa. Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha nne anachagua tahasusi: PCM ina fizikia, kemia na hisabati ya juu, PCB inaweka baiolojia mahali pa hisabati. Lakini hata wa PCB anasoma hisabati tumizi ya msingi pembeni, maana fizikia bila hesabu haiendi mbali. Kenya, katika mfumo wa 8-4-4, hisabati ilikuwa ya lazima hadi kidato cha nne, na fizikia mtu aliweza kuiacha kabla ya hapo. Hapa England, tangu mabadiliko ya mwaka 2017, kila anayesoma hisabati ya A-level lazima asome pia mekanika, yaani hesabu za mwendo na nguvu, ambayo ni fizikia iliyovaa kanzu ya hisabati.

Mpaka huo haukumzuia Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba na mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu ya hisabati. Aliipata katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, na utafiti wake ulihusu vimiminika vizito vinavyopita kwenye bomba. Ukitazama bomba, ni fizikia. Ukitazama daftari, ni hisabati. Baadaye alifundisha Dar es Salaam na Rwanda. Kwa hiyo anayechagua hisabati leo hajaikana fizikia, wala anayechagua fizikia hajakimbia hisabati. Anachochagua ni hakimu wa kukaa naye muhula mmoja.

Kabla hujabonyeza kitufe

Haya ndiyo tuliyoyafanya, na tunayapendekeza.

Kwanza, chukua karatasi ya mtihani uliopita ya kila somo, ukae nayo saa moja. Sisi tulikwenda Library of Birmingham siku ya Jumamosi. Lengo si alama, kwa sababu zitakuwa mbaya. Tazama aina ya makosa yako, kisha tazama moyo wako. Kuna kosa linalokufanya ufunge daftari, na kuna kosa linalokufanya uvute kiti karibu. Somo lenye kosa la pili ndilo lako, hata kama alama za kwanza ni ndogo.

Pili, soma mwongozo wa somo mpaka mwisho. Tafuta linafungua masomo gani mwaka wa tatu. Tafuta alama zinavyogawanywa: kama ripoti za maabara zina sehemu kubwa na wewe unafanya kazi dukani jioni tatu kwa wiki, hesabu saa zako kwa ukweli.

Tatu, na hili ni la klabu yetu, jaribu kumweleza mtu wa nyumbani swali moja la kila karatasi kwa Kiswahili. Sisi tuliolelewa na lugha mbili tuna hila ya kujificha nyuma ya maneno ya Kiingereza. Ukilazimika kusema kwa nini maji ya moto lazima yapite kwenye nyuzi 50, na msikilizaji ni bibi anayekatiza kila dakika, utajua mara moja kama umeelewa au umekariri. Kiswahili pia kina vitenzi viwili vizuri vya kukusaidia: kuhesabu na kupima. Jiulize ni kipi kati ya hivyo unakifanya kwa raha.

Kwa taarifa yenu, mhandisi wetu amechagua hisabati. Wiki nzima anashughulika na vyuma vinavyokataa, na karatasi ya uthibitisho ilimkalisha maktaba mpaka walinzi wakaanza kuzima taa. Anajua kwamba mwaka wa tatu atakosa somo la mwanga na lenzi, na amelikubali hilo. Wa kompyuta amechagua fizikia. Programu yake ikikosea, mashine humwambia papo hapo ni mstari wa ngapi, lakini hajawahi kukutana na kitu kinachomkatalia bila kutoa sababu. Anataka kujifunza kukaa nacho. Shangazi zetu wote wawili wamesikitika kidogo, kila mmoja kwa sababu yake.

Fomu inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Kikao chetu ni Jumatano, na tutakuja na karatasi za mitihani iliyopita za masomo yote mawili pamoja na chupa ya chai. Mwenye kipimajoto aje nacho.